Pumzi Inayokosa Misuli: Mazoezi ya Kupumua kwa Wagonjwa wa Mayositisi Moshi na Mlimani

Mkoani Kilimanjaro, mtu akilalamika kwamba pumzi haimtoshi, fikra za watu huenda haraka kwenye pumu, kifua kikuu, moyo, au moshi wa kuni aliouvuta jikoni miaka mingi. Kila moja lina sababu ya kufikiriwa kwanza. Lakini wapo wagonjwa, wachache kweli, ambao hewa haiwaingii ya kutosha kwa sababu nyingine kabisa: misuli inayopaswa kuivuta hewa hiyo imeshambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe. Hao ni wagonjwa wa mayositisi, yaani uvimbe wa misuli usiotokana na jeraha wala kidudu. Swali la kuchambua ni je, misuli hiyo ya kupumua inaweza kufanyishwa mazoezi ikapata nguvu tena, na je, kazi hiyo inawezekana Moshi na katika vijiji vya mlimani, kwa watu na vifaa tulivyo navyo? Jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili, lakini kwa masharti, na uzito wa jambo lote uko kwenye masharti hayo.

Mayositisi si ugonjwa mmoja. Dematomayositisi hushika misuli pamoja na ngozi. Polimayositisi hushika misuli bila ngozi. Ipo aina inayoua nyuzi za misuli kwa kasi, ipo inayokuja pamoja na makovu ya mapafu na maumivu ya viungo, na ipo ya watu wazima waliovuka miaka 50, inayodhoofisha vidole na mapaja polepole na kuitikia dawa kwa shida sana. Nchi zilizohesabu wagonjwa wa mayositisi za aina zote zimepata kati ya 2 na 34 hivi kwa kila watu 100,000. Ukiacha ile ya waliovuka miaka 50, ambayo huwapata zaidi wanaume, wanawake huugua karibu mara mbili ya wanaume.

Uchache huo usitudanganye. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai kutafuta ugonjwa wa Parkinson, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa waliogunduliwa hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wanaishi majumbani mwao, wanatetemeka, na jirani wanasema ni uzee. Ugonjwa adimu usipotafutwa huonekana kama haupo, na sioni sababu ya kuamini kwamba mayositisi ina bahati tofauti.

Mlima wenyewe ni kipimo kikali cha misuli. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lakini vihamba, yaani mashamba ya kifamilia, vya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo vinapanda hadi karibu na msitu, na maisha huko ni ya kupanda na kushuka. Ng'ombe hufugwa zizini, kwa hiyo majani hukatwa mbali, mara nyingi tambarare, na kupandishwa. Mwanamke anayeanza kuugua mayositisi hushindwa kwanza na kazi za mabega na nyonga: kunyanyua mzigo wa majani hadi kichwani, kuanika nguo, kujisuka, kuinuka kwenye kigoda, kukanyaga ngazi ya daladala. Watoto wanamwona mvivu, mume anasema amechoka. Naye, kwa busara ya mwili, anaacha kupanda mlima. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa kuwa mtu asiyepanda tena haonekani akihema. Misuli ya kupumua inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake huku mwenyewe akiapa kwamba kifua hakina tatizo.

Dalili za mapema zinapatikana kwa anayeziuliza. Mwanakwaya aliyekuwa akimaliza mstari mzima kwa pumzi moja sasa anakata katikati. Aliyekuwa akilala chali sasa anataka mito mitatu. Anaamka na kichwa kinamuuma, anasinzia mchana ibadani, kikohozi chake hakina nguvu ya kutoa kohozi. Haya ya usiku na asubuhi ndiyo mazito zaidi. Mtu akilala chali, viungo vya tumbo husukuma kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta pumzi. Kiwambo dhaifu hakiwezi kuvisukuma virudi, hewa ya ukaa inabaki mwilini, na kichwa kinauma alfajiri.

Kabla ya kuzungumzia mazoezi, lazima ijulikane ni nani anayeiba pumzi, maana wezi ni zaidi ya mmoja na mara nyingi wanakuja pamoja. Wa kwanza ni udhaifu wa misuli yenyewe. Wa pili ni makovu ya mapafu, ambayo huwapata wagonjwa wengi wa mayositisi, hasa wenye kingamwili aina ya Jo-1. Mapafu yanakuwa magumu, na hata misuli yenye nguvu inatumia jasho jingi kuyapanua. Mazoezi hayalainishi kovu. Mgonjwa mwenye kovu linalosonga mbele anahitaji dawa kwanza, na kuna aina chache ambamo kovu husonga mbele kwa wiki tu, si kwa miaka. Kumpa mgonjwa kama huyo kifaa cha mazoezi na kumwambia arudi baada ya miezi miwili ni kumpotezea muda asio nao.

Mwizi wa tatu yuko kooni. Misuli ya kumezea hushikwa vilevile, mgonjwa anapaliwa mara kwa mara, maji yanatokea puani, na chembe za chakula zinaingia kwenye njia ya hewa na kuzaa nimonia. Hapa jiko la Kichagga lina msaada wa kweli. Mtori uliopondwa ukawa laini na mzito, bila vipande vya nyama, kwa wengi hupita salama kuliko maji au chai nyepesi, mradi mgonjwa ale akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, na asilale mara baada ya kula. Ni ushauri usio na gharama, na unaweza kumwokoa mtu kuliko zoezi lolote nitakalolitaja hapa.

Wa nne ni kifua kikuu. Tiba kuu ya mayositisi ni prednisoloni kwa dozi kubwa, kisha dawa za kuituliza kinga kama methotreksati au azathioprini. Dawa hizo zinaweza kuamsha kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini kwa miaka. Katika mkoa wenye Hospitali ya Kibong'oto, iliyo Siha upande wa magharibi wa mlima, ambayo imetibu kifua kikuu tangu enzi za Waingereza na ambako tiba ya kifua kikuu sugu kwa dawa ilianza nchini mwaka 2009, hakuna kisingizio cha kuanza dawa hizo bila kupima kifua. Kuna mwizi wa tano pia, na huyu anaumiza moyo kumtaja: prednisoloni yenyewe. Ikitumika muda mrefu inakondesha misuli, hivyo mgonjwa anaweza kuwa dhaifu zaidi wakati ugonjwa umetulia. Daktari asipopima, anaweza kuongeza dozi ya dawa inayomdhoofisha mgonjwa.

Sasa mazoezi. Kwa miongo mingi wagonjwa wa mayositisi waliambiwa wapumzike, kwa hofu kwamba msuli wenye uvimbe ukitumikishwa utaharibika zaidi. Hofu hiyo ilivunjwa kwa subira na watafiti kadhaa, mmoja wao Helene Alexanderson, mtaalamu wa fiziotherapia wa Stockholm. Mwaka 1999 yeye na wenzake walionyesha kwamba programu ya nyumbani ya wiki 12, ya mazoezi mepesi siku 5 kwa wiki pamoja na kutembea, haikuchochea uvimbe kwa wenye ugonjwa wa muda mrefu, na iliwaongezea nguvu. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba hata wenye ugonjwa mpya ulio hai wangeweza kufanya mazoezi hayo kwa usalama wakisimamiwa vizuri. Tangu hapo swali limekuwa kiasi gani, si kama mazoezi yanafaa au hayafai. Jambo la kuangaliwa na msomaji wa Tanzania ni kwamba programu ile ilifanyika nyumbani. Haikuhitaji ukumbi wenye mashine.

Hata hivyo mikono na miguu si kiwambo. Kuhusu misuli ya kupumua hasa, ushahidi kwa wagonjwa wa mayositisi ni wa tafiti chache na ndogo. Tunachoweza kufanya ni kutazama majirani wa ugonjwa huu. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 11 yenye washiriki 250, watoto na watu wazima wenye magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu na misuli, wakiwamo wenye misuli inayooza kwa kurithi. Hitimisho lake lilikuwa la tahadhari: mazoezi yanaweza kuongeza kiasi cha hewa au nguvu ya kuvuta pumzi kwa baadhi yao, lakini uhakika ni mdogo, na haikuthibitishwa kwamba yanawarefushia maisha. Mimi nalisoma hitimisho hilo kwa matumaini zaidi kwa wagonjwa wetu, na nina sababu. Misuli ya mtoto mwenye Duchenne, mmoja wa magonjwa hayo ya kurithi, inaendelea kuoza hata akitibiwa vipi. Misuli ya mgonjwa wa mayositisi, dawa zikishatuliza uvimbe, huwa imebaki dhaifu lakini sehemu yake kubwa bado iko hai. Kilichobaki hai kinaweza kufunzwa.

Karibu na kwetu kuna mfano mwingine unaotia moyo. Kampala, Bruce Kirenga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha mwaka 2017 matokeo ya programu ya utengamao wa mapafu kwa watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu mabovu. Kwa wiki 6 za mazoezi na mafunzo, washiriki waliweza kutembea mbali zaidi na maisha yao yakawa na nafuu. Ule haukuwa ugonjwa wa misuli, na mazoezi yalikuwa ya mwili mzima. Lakini mfano huo ulijibu lile swali ambalo huulizwa kila mara jambo jipya linapoletwa Afrika Mashariki: je, wagonjwa wetu watakuja, watamaliza, na wataalamu wetu watamudu? Walikuja, na wataalamu walimudu.

Kazi yote inaanza na kipimo, na hapa nataka kukaa kidogo kwa kuwa ndipo tunapokosea. Moshi ni mji unaoijua oksimita, kile kifaa kidogo cha kubana kidole. Waongoza watalii hukibeba hadi kilele cha mita 5,895, ambako kanieneo ya oksijeni hewani ni karibu nusu ya ile ya pwani, na wanajua kukisoma. Baada ya UVIKO-19 hata familia za kawaida zimekizoea. Lakini kwa mgonjwa wa misuli, oksimita hutoa faraja ya uongo. Inaweza kuonyesha asilimia 96 huku misuli ikikaribia kushindwa, kwa sababu kinachotangulia kuharibika ni uwezo wa kutoa hewa ya ukaa, na hiyo oksimita haiioni. Kibaya zaidi, mgonjwa kama huyo akiwekewa oksijeni peke yake, namba inapanda, watu wanatulia, naye anazidi kulewa hewa ya ukaa hadi hazinduki. Anachohitaji ni kusaidiwa kupumua kwa mashine ya barakoa.

Vipimo vinavyofaa ni vya namna nyingine. Spirometa hupima kiasi cha hewa anachoweza kutoa mtu baada ya kuvuta hadi mwisho. Akipimwa amekaa, kisha amelala chali, tofauti kwa mtu mzima wa afya haifiki asilimia 10. Ikishuka kwa robo au zaidi, kiwambo ni dhaifu. Kipimo cha kanieneo ya kuvuta pumzi kinaeleza nguvu ya misuli moja kwa moja: anayefikisha sentimita 80 za maji huondolewa shaka ya udhaifu mkubwa. Lakini hata pasipo vifaa hivyo, kile kipimo cha kupuliza kinachotumiwa na wagonjwa wa pumu, cha bei nafuu, kikiunganishwa na barakoa ya kufunika pua na mdomo hupima nguvu ya kikohozi. Kikohozi kilicho chini ya lita 270 kwa dakika kinaashiria kwamba mafua ya kawaida yanaweza kumfikisha mgonjwa hospitalini. Chini ya 160, kohozi halitoki kabisa bila msaada.

Na pasipo hata hicho, kuna kuhesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Vitabu husema mtu mwenye afya hufika karibu 50, kwa mwendo wa namba mbili kila sekunde. Nashauri tusiufuate mpaka huo kwa upofu. Hakuna awezaye kutamka thelathini na saba na thelathini na nane ndani ya sekunde moja. Afadhali mgonjwa ahesabu moja hadi kumi, arudie tena na tena, na idadi ya leo ilinganishwe na yake mwenyewe ya mwezi uliopita. Muuguzi wa zahanati anaweza kuliandika hilo kwenye daftari la kliniki la mgonjwa.

Mafunzo yenyewe, kwa aliyepimwa na ambaye dawa zimeanza kutuliza uvimbe wake, ni rahisi kueleza. Kifaa ni bomba dogo lenye vali inayoshikwa na springi. Mgonjwa huvuta hewa kupitia kwake, na vali haifunguki mpaka kanieneo iliyopangwa ifikiwe. Mwanzo huwa ni asilimia 30 hivi ya uwezo wake. Mwenye uwezo wa sentimita 50 za maji anaanza na 15. Anavuta pumzi 30, mara mbili kwa siku, siku 5 kwa wiki, akipumzika kila anapohitaji. Mzigo unapandishwa kidogo kila wiki, na baada ya wiki 6 hadi 8 anapimwa upya. Uchovu unaoisha baada ya saa moja ni wa kawaida. Uchovu unaolala hadi kesho yake, misuli kuuma zaidi, mkojo kuwa na rangi ya kahawa, au pumzi kubana akiwa amepumzika ni ishara ya kusimama na kumwona daktari. Mwenye mapafu yaliyowahi kupasuka na kuvujisha hewa karibuni asiguse kifaa hiki.

Kuna watu wenye nia njema wanaofundisha kuvuta hewa kwa mrija wa soda badala ya kifaa. Sikubaliani nao. Mrija hautoi mzigo unaojulikana: ukivuta polepole unakuwa mwepesi, ukivuta kwa kasi unakuwa mzito, na mgonjwa dhaifu hujifunza kuvuta polepole. Kupuliza mapovu kwenye chupa ya maji kunasaidia kutoa kohozi, lakini hakufunzi msuli wa kuvuta pumzi. Kile kifaa chenye vidude vitatu vinavyopanda, kinachotolewa baada ya upasuaji, kinamkumbusha mtu kuvuta pumzi ndefu, hakina mzigo wa maana. Kwa wale ambao misuli imeshuka mno kiasi cha kutofunzika, mfuko wa kusukumia hewa unaopatikana karibu kila chumba cha dharura unaweza kutumiwa kujaza mapafu pumzi juu ya pumzi ili wapate hewa ya kukoholea. Na jambo moja lisivunjwe kamwe: bomba la mgonjwa mmoja lisiingie kinywani mwa mwingine. Kuchangia bomba katika mkoa wetu ni kuchangia kifua kikuu.

Moshi ina nini? Ina vingi kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa miongo kadhaa imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia wanaofanya kazi nchi nzima. Ndani ya eneo hilo hilo kiko kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992, ambacho wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Kituo hicho kina uzito wa pekee hapa, kwa sababu mgonjwa wa dematomayositisi mara nyingi huanza kwa daktari wa ngozi, akilalamikia uso na vifundo vya vidole. Vitabu vya Ulaya vinaonyesha wekundu na zambarau kwenye kope. Kwenye ngozi nyeusi ni weusi uliokolea, au zambarau hafifu, pamoja na uvimbe wa kope ambao ni rahisi kudhani ni mzio. Jicho lililofundishwa kwa ngozi zetu ndilo litakalomwona mgonjwa mapema, kabla pumzi haijaguswa.

Nataja kwa kupita tu mitego ya maabara. Kimeng'enya cha kreatini kinasi, kinachopanda misuli ikiumia, kwa kawaida kiko juu kidogo kwa watu weusi wenye afya, hivyo mipaka iliyopangwa kwa Wazungu inaweza kupotosha. VVU na baadhi ya dawa zake za zamani, kama zidovudini, huweza kudhoofisha misuli kwa njia zao. Na mtu mzima mwenye dematomayositisi lazima atafutiwe saratani, maana magonjwa hayo mawili huandamana kuliko inavyotarajiwa.

Pengo kubwa ninaloliona halihusu maarifa, bali mpangilio wa huduma. Ngozi inatibiwa mlango mmoja, kifua mlango mwingine, mazoezi mlango wa tatu, na mgonjwa wa Rombo analipa nauli kwa kila mlango. Programu inayofaa hapa ni ya nyumbani, kama ile ya Stockholm: siku moja ya mjini yenye vipimo vyote na mafunzo ya kifaa, kisha mazoezi kijijini, simu ya mtaalamu kila wiki, na kurudi baada ya wiki 8. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa huduma zipi zilipiwe. Utengamao wa kupumua uingie humo, pamoja na kifaa chenyewe, kwa kuwa gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na siku chache za chumba cha wagonjwa mahututi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mazoezi ya misuli ya kupumua kwa wagonjwa wa mayositisi ni salama yakitanguliwa na vipimo na dawa, faida yake ni ya wastani, na hayachukui nafasi ya tiba. Ninachowaomba madaktari wa Moshi na wa hospitali za mlimani ni kidogo: siku mnayomwandikia mgonjwa wa mayositisi prednisoloni, mpimeni pumzi akiwa amekaa na akiwa amelala, mpimeni kikohozi, andikeni namba hizo kwenye faili, na mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia siku hiyo hiyo.